Roboti ya taa na mama wa klore

Mama huyo wa Oicha hasahau harufu ya klore. Kuanzia mwaka wa 2018 hadi Ebola ilipotangazwa kwisha katika Kivu ya Kaskazini, tarehe 25 Juni 2020, alibeba pompi mgongoni, akavaa ile nguo nzito inayomlowesha mtu jasho, na kusafisha vyumba vya wagonjwa. Asilimia 0.5 kwa sakafu na vitanda, asilimia 0.05 kwa mikono: hesabu hiyo anaijua hata akiamshwa usiku. Kazi ilipokwisha alibaki na kikohozi.

Sasa amekimbia vita, analala Butembo katika chumba cha shule pamoja na familia nyingine. Hapo ndipo kijana wake alipomuonyesha kwenye simu roboti inayoua vijidudu ndani ya nyumba bila kuongozwa na mtu.

— Mama, tazama, hii haibebi klore. Inawasha taa tu.

— Na mtu akiingia je?

Wahandisi wenyewe wanaanza na swali hilo. Mwanga wa taa hiyo, UV-C, hauonekani kwa macho. Unaharibu vinasaba vya kijidudu kisiweze kuzaana, lakini unaunguza pia macho na ngozi ya mtu. Kwa hiyo chumba lazima kiwe kitupu. Roboti nyingine za hospitali huja na kifaa cha kuweka mlangoni: mtu akipita, taa zinazimika papo hapo.

Mwaka wa 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, pamoja na kampuni ya Ava Robotics, waliijaribu yao Boston, katika ghala la shirika linalogawa chakula kwa wenye shida. Ilitembea polepole, sentimita 10 hivi kwa sekunde, maana ikikimbia mwanga hautoshi. Kwa nusu saa ilimaliza sakafu ya mita za mraba 370 hivi, na walikadiria kwamba inaua asilimia 90 ya virusi vya korona juu ya vitu. Ugumu ulikuwa njia: mizigo ya ghala huhamishwa kila mara, palipokuwa wazi jana leo pamezibwa.

Mama alisikiliza, kisha akauliza habari ya chini ya kitanda. Ameuliza vema. Mwanga haupindi kona. Penye kivuli kijidudu kinabaki, na penye damu au matapishi lazima mtu apanguse kwanza, kwa mikono. Wanaouza mashine hizi hawapendi kuanzia hapo.

Roboti si ngeni Congo. Kinshasa zilianza kuongoza magari mwaka wa 2013, kwa nguvu ya jua, kazi ya mhandisi Thérèse Kirongozi na wenzake.

— Basi hata hii tungeweza kuitengeneza, mama.

Mama alitazama magodoro, sufuria, watoto waliolala sakafuni.

— Na sisi tutatoka twende wapi, ili iwashwe?

Kijana hakujibu. Mama alichukua ndoo, akaenda kuchanganya klore ya vyoo kabla giza halijaingia.