Maumivu Yasiyo na Bandeji



Mtu aliyevunjika mguu hana haja ya kujieleza. Bandeji yake humsemea: watu humpisha njiani, humpa kiti kanisani, na hakuna amwulizaye kama anaumwa kweli. Lakini yako magonjwa yasiyo na bandeji. Mwenye nayo huamka, huvaa kitenge chake, huketi pamoja nasi katika Misa Takatifu, huku mwili wake ukiungua kimyakimya kama kaa chini ya majivu. Mimi ni mmoja wa watu hao.

Ugonjwa wangu huitwa fibromialjia. Jina hilo limeundwa kwa maneno ya Kilatini na Kigiriki yenye maana ya nyuzi, misuli na maumivu. Dalili zake ni maumivu yanayoenea mwilini kwa miezi 3 na zaidi, usingizi usiopumzisha, uchovu usiokwisha, na akili inayopotewa na maneno katikati ya mazungumzo. Huwapata zaidi wanawake, lakini wanaume na vijana pia huugua. Hauvunji mifupa wala hauharibu viungo. Ndiyo maana picha za mionzi na vipimo vya damu havionyeshi kitu. Wataalamu hueleza kwamba kasoro imo katika namna ubongo na neva zinavyopokea habari za maumivu. Mfikirieni mbwa wa ulinzi. Mbwa mwema hubweka mwizi akija. Mbwa wangu hubweka usiku kucha, hata jani likianguka. Mwizi hayupo, lakini kelele zipo, na mwenye nyumba halali.

Kabla ya kulijua jina hilo nilizunguka miaka mitatu. Nilitibiwa malaria, nikatibiwa tifoidi, kisha malaria tena. Karatasi za maabara zilirudi zikisema sina kitu. Mganga mmoja aliniambia nitafute mume, maumivu yatakwisha. Hapa Bukavu tunaishi juu ya milima, na njia ya kutoka kwetu hadi parokiani ni ya kupanda tu. Nilipoanza kukosa mazoezi ya korali na kazi za salongo, watu walisema nimekuwa mvivu. Neno hilo nililivumilia. Lililofuata lilikuwa zito zaidi.

Mahali ambapo ugonjwa hauna jina, watu hutafuta jina la mtu. Jamaa walianza kunong'ona kwamba nimelogwa, na vidole vikaelekea kwa shangazi yangu, mjane asiye na mtoto, ambaye ndiye aliyenilea nilipokuwa mdogo. Ninyi mnajua mwisho wa minong'ono ya namna hiyo katika nchi yetu. Majirani waliacha kununua mboga zake. Watoto walikatazwa kupokea chakula kutoka mkononi mwake. Usiku mimi nililala na maumivu, naye alilala na hofu.

Hatimaye nilimpata mganga aliyeniacha niseme mpaka mwisho. Aliniuliza ninavyolala na ninavyoamka. Alinibonyeza shingo, mabega, kiuno na magoti. Alipima tena damu ili kuondoa shaka ya magonjwa mengine yenye dalili kama hizo, kisha akautaja ugonjwa wangu. Hakunificha kitu: dawa ya kuumaliza haijapatikana, lakini unaweza kutulizwa kwa kuuzoeza mwili mwendo kidogo kidogo kila siku, kwa kulinda saa za usingizi, na kwa dawa zinazopoza neva. Mama alimwomba aliandike jina lile kwenye karatasi. Ndugu walipokutana, aliikunjua mbele yao akasema: «Mtoto wangu ni mgonjwa, na ugonjwa wake una jina. Jina hilo si jina la wifi yangu.»

Si wote waliosadiki. Wako ambao mpaka leo hutikisa kichwa. Lakini kesho yake asubuhi Mama alikwenda kununua mboga kwa shangazi, mchana kweupe, mbele ya majirani wote; na juma lile wengine wawili wakamfuata.

Tangu hapo nimeisoma mara nyingi Injili ya Marko, sura ya 5, habari ya yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Marko anasema kwamba alikuwa ameteswa na waganga wengi, akamaliza mali yake yote, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Aligusa vazi la Yesu akapona papo hapo. Basi, kama kazi ilikuwa imekwisha, kwa nini Bwana alisimama? Yairo alikuwa anamngoja, binti yake yu kufani, umati unasukumana. Hata hivyo Yesu alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa, akangoja mpaka mama yule aje na kumwambia ukweli wote. Habari za miaka 12 hazisemwi kwa dakika moja. Yesu alizisikia, kisha akamwita binti, mbele ya watu wale wale waliomwona kuwa najisi. Mwili ulikuwa umekwisha kupona; kilichobaki kuponywa ni nafasi yake kati ya watu.

Hapo nimeelewa kwamba uponyaji una sehemu mbili. Ile ya kwanza mimi bado naiomba. Ile ya pili haidai muujiza wala fedha. Imo mikononi mwa kila mbatizwa: kusimama, kusikiliza mpaka mwisho, kusadiki. Hata wataalamu wamefika hapo kwa njia yao. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wanaochunguza maumivu kilipoandika upya maana ya neno hilo, kiliongeza kwamba maelezo ya mtu anayesema anaumwa yapaswa kuheshimiwa.

Ndugu vijana, katika kikundi chenu pengine yuko mwenzenu anayechelewa kila mara, anayebaki ameketi wengine wanapopiga magoti, anayeahidi kuja halafu haji. Kabla ya kumpa jina la mvivu, mwulizeni. Msimwambie kwamba anaonekana mzima. Hilo analijua, na ndiyo shida yake. Msiharakishe kumwambia abebe msalaba wake, kwa maana tayari ameubeba. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, na hapo walikuwa rafiki kweli. Walimwumiza walipofungua kinywa na kuanza kumtafutia dhambi. Mpeni kazi anayoiweza: mimi siku hizi hupanga nyimbo za korali nikiwa nimeketi, na hakuna aliyelalamika kwamba zimepungua utamu. Msindikizeni kwa mganga, kwa kuwa si kila uchovu ni fibromialjia, na yako magonjwa yenye dawa yasiyofaa kucheleweshwa.

Na mkisikia mtu anatajwa kuwa mchawi kwa sababu mwingine anaumwa, msikae kimya. Papo hapo mnaweza kuokoa maisha mawili.

Kila tarehe 11 Februari, tangu mwaka 1993, Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani. Tunawatembelea walio vitandani, na ni vema. Lakini wagonjwa wengine siku hiyo watakuwa wamesimama kati yetu, wakiimba sauti ya pili, wakihesabu beti zilizobaki kabla ya kuketi. Nao pia wangoja mtu asimame na kuwauliza.

Kwa mazungumzo katika kikundi:

1. Katika parokia yetu, ni nani tumemwita mvivu au mwenye kiburi bila kumwuliza habari zake?

2. Familia ikianza kumshuku mtu uchawi kwa ajili ya ugonjwa, sisi vijana twaweza kufanya nini siku hiyo hiyo?