Hata Punda wa Blackpool Wana Off

Kuna watu kwetu hawaruhusiwi kuchoka: wale wako majuu. Shangazi yangu hutunza wazee Birmingham, zamu za usiku, na mwaka jana ndiyo mara ya kwanza alichukua likizo. Nilikuwa huko, tukaenda Blackpool na basi, siku nne, hoteli na chakula ndani ya bei, pamoja na wastaafu waliobeba thamosi zao.

Si Dubai, manze. Bahari ni baridi na ina rangi ya strungi. Lakini huo mji ulikuzwa na wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire. Kila mji ulikuwa na wiki yake, viwanda vinafungwa, watu wanapanda treni kwenda kupunga upepo. Mnara wao wa mita 158 umesimama tangu 1894. Hata punda wanaobeba watoto ufuoni wana sheria: Ijumaa hawafanyi kazi. Punda!

Shangazi naye, simu iliita mara mbili kabla hatujafika. Karo, halafu mabati. Zote alijibu akinong'ona, ati yuko kazini. Picha akanikataza kupost. Wakiona ameketi kwa tramu na chipsi za siki, watasema ameomoka.

Amekubali niandike hii, na tayari amelipia Septemba ijayo. Wale wa kwetu mnaosoma: mkimpigia wiki hiyo, muulizeni tu bahari iko aje.