Matone Hayakuona Mchana

Kazi ya mabwawa ya kuogelea nilifundishwa na mjomba wangu huko Nyali, Mombasa. Vifaa vyake vilikuwa kisanduku cha matone na macho yake. Asubuhi na mapema alizamisha mkono hadi kiwikoni, akachota maji ya chini kwa kichupa, akadondosha matone na kutikisa. Maji yakielekea manjano, asidi imezidi. Yakikoza wekundu, pH imepanda. Tulitaka ikae kati ya 7.2 na 7.8. "Haya mjomba, tia dawa," alikuwa akiniambia.

Lakini tulipima asubuhi, na watoto waliogelea alasiri. Ya katikati tuliyakisia tu, kwa macho mekundu na ile harufu kali ambayo wengi hudhani ni klorini kuzidi, kumbe ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo.

Mambo yaligeuka pale mwenye nyumba mmoja alipoweka Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ili aendeshe taa na pampu kwa simu. Tukafunga vihisi viwili kwenye bomba, mbele ya chujio: kimoja cha pH, chenye kioo chembamba cha mviringo kwenye ncha, kingine cha kupima kwa milivolti nguvu ya maji ya kuua vijidudu. Nyaya zikaingia kwenye bodi ndogo ya ESP32, nayo ikarusha vipimo kwa Wi-Fi. Kila kihisi kilitengwa na umeme wa mwenzake, la sivyo tarakimu zingeyumba pampu ikiwaka.

Grafu ikatufumbua macho. Jua likipanda, milivolti zinateremka: miale ilikuwa ikila klorini yetu ya asubuhi. pH nayo ikipanda inaidhoofisha iliyobaki, kwenye 7.5 karibu nusu yake ndiyo yenye makali, kwenye 8 ni robo hivi.

Tukaacha kumwaga dawa kwa mkupuo. Sasa pampu ndogo huitia kidogo kidogo, milivolti zikishuka chini ya 650, na kamwe haiwaki kama maji hayatembei, kwa sababu asidi ya kushusha pH na klorini zikikutana bombani hutoa gesi ya sumu.

Matone bado tunayo, kwani vihisi huchakaa na lazima vihakikiwe. Ila msimamo wangu haubadiliki: mtoto anayeruka majini saa kumi alasiri anastahili maji yaliyopimwa saa kumi.