Popo wa Cairns

Nilipofika Cairns, kaskazini mwa Queensland, kusoma shahada ya uzamili, kila magharibi nilisimama kutazama popo wakiruka kwenda kula. Ni popo wakubwa, wenye manyoya ya rangi ya majani makavu kuzunguka macho, kana kwamba wamevaa miwani. Kwetu Pemba tunao ndugu zao. Babu yangu aliwawinda ujanani, akawala.

Mwanafunzi mwenzangu, mwenyeji wa hapa, alinisimulia habari za Novemba 2018. Joto lilipita nyuzi 42. Popo hawatoi jasho. Walijipepea kwa mbawa, wakajilamba, wakashuka kutafuta kivuli, kisha wakaanguka. Walikufa takriban 23,000, karibu theluthi ya popo wa aina hiyo nchini Australia. Watu waliojitolea walizunguka chini ya miti wakiokota watoto walioachwa yatima.

Kwa kujigamba kidogo, nikamwambia kwamba Pemba tulikaribia kuwamaliza popo wetu, kisha vijiji kama Kidike vikaamua kuilinda miti yao, na popo wakaongezeka tena.

Akaniuliza, "Na joto mtalizuia vipi?"

Sikuwa na jibu. Babu aliacha kuwinda kwa sababu wazee wenzake walimwendea, wakakaa naye barazani, akaelewa. Joto huwezi kuliita barazani. Nami nimelichangia, maana nilikuja huku kwa ndege.

Jioni ile nilirudi kuwatazama. Nilianza kuwahesabu, wakanizidi hesabu. Nikafurahi.