Chungu cha Matema kilivyonitoa nishai

Wiki hii tuache kwanza viwanja vya Dar, nakupeleka Kyela, kule mchele unakotoka. Nasema ule wenyewe, maana hapa mjini kila gunia linaitwa Kyela hata kama limetoka sijui wapi, na sisi tunakula tu.

Mama yangu ni wa huko, ila mimi nimekulia Temeke, na Kinyakyusa changu chote ni "ndaga", yaani asante. Alinituma kitu kimoja tu: chungu cha Wakisi cha kupikia maharage. Cha kwake, alichoachiwa na bibi, nilikivunja mimi nikiwa darasa la tano. Kwa hiyo ujue nilikwenda na deni.

Kosta ya kutoka Mbeya inapita Tukuyu, baridi, chai na migomba mpaka macho yanachoka, halafu inaanza kuteremka na sweta linavuliwa. Wajerumani wao walipanda. Boma lao la awali, Langenburg, lilikuwa chini ufukweni. Homa za ziwani zikawatia adabu, na kwenye mwaka 1900 hivi wakahamia Tukuyu, wakapaita Langenburg Mpya. Usiku ule, nikiua mbu gesti pale Kyela, niliwaelewa kabisa.

Soko la Kyela we acha tu. Mchele unasugua viganjani, unaupulizia pumzi, unanusa. Kuna usipa wakavu, mawese kwenye chupa za maji, na kakao iliyoanikwa kwenye mikeka, ambayo inanuka kama pombe iliyolala, wala si chokoleti!

Jumamosi alfajiri nikabanana kwenye Noah kupitia Ipinda hadi Matema, kwenye misheni iliyoanzishwa na Wajerumani wa Berlin. Milima ya Livingstone imesimama pale pale nyuma ya mchanga, utadhani inataka kuoga. Ukitembea kidogo na ufukwe unafika Lyulilo, kwenye soko la vyungu.

Vyungu vinatoka Ikombe kwa mitumbwi. Kule Wakisi wamebanwa na mlima, pa kulima ni kiduchu, ndiyo maana tangu enzi za mababu wanawake wao wanafinyanga, na zamani chungu kilibadilishwa kwa chakula. Hakuna gurudumu, ni mikono tu. Wanakisugua mpaka kinang'aa, wanakipaka rangi nyekundu, kisha moto.

"Shikamoo mama. Hiki bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Elfu nane."

Mtoto wa mjini nikacheka kile kicheko cha Kariakoo. Nikataja elfu nne. Akakataa. Nikajifanya naondoka, nikarudi, nikakigonga na kusema kina ufa, wakati hakina. Akatazama ziwa. Upepo ulishaanza, wenzake walikuwa wanapakia mahindi mtumbwini.

"Haya, chukua," akasema, akakifunga kwa majani taratibu kama anamvalisha mtoto. Nikamwambia "ndaga". Akacheka, akanijibu maneno mengi ambayo sikuambulia hata moja.

Dogo aliyenibebea mzigo ndiye aliyenimaliza. "Kaka, yule mama leo mawimbi yamemvunjia vitatu. Hicho chako ndicho kikubwa kilichobaki."

Nikasimama. Nikahesabu elfu nne nyingine, nikarudi mbio, mchanga umejaa kwenye raba. Pale alipokuwa amekaa palibaki majani tu. Mtumbwi ulishakuwa mbali, siwezi hata kujua yeye ni yupi kati ya wale waliokaa. Nikapunga mkono. Mmoja akanipungia, huenda ni yeye, huenda siye.

Chungu nimekipakata Mbeya hadi Dar, konda akitaka nikiweke kwenye buti namkatalia. Mama alikipokea, akakigonga kwa kidole, akasikiliza. Akaniuliza nimenunua shilingi ngapi.

Nikamtajia elfu nane.

"Basi kakupendelea huyo," akasema.