Dereva na Makanga

Mwaka wa 1953, daktari Mwingereza aitwaye Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wawili ambao mkaaji yeyote wa Nairobi angewatambua mara moja: dereva na makanga. Mabasi yalikuwa ya London, yale ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kwenye kiti chake kutwa. Makanga alipanda ngazi na kushuka, akapanda tena, akikusanya nauli. Walifanya kazi katika gari moja, saa zilezile. Lakini hesabu zilipofanywa, madereva walionekana kupata maradhi ya moyo zaidi ya makanga, na yakiwashika, yaliwaua upesi zaidi. Morris akawatazama pia watu wa posta, waliopeleka barua kwa miguu na baiskeli na wale waliokaa ofisini. Mambo yakawa yaleyale.

Nilisoma habari hizo nikimfikiria baba yangu. Mzee ameendesha matatu kati ya Kayole na tao kwa zaidi ya miaka 20. Saa kumi na moja alfajiri yuko nyuma ya usukani, na jam ya Barabara ya Jogoo inaweza kumkalisha hapo hadi magoti yake yagande. Wakati huo makanga wake anaruka, anakimbiza gari, anapiga bodi, anaita abiria, anashuka, anapanda. Baba alizoea kumtania kwamba anakula kama nzige na hanenepi. Hakuna aliyefikiri kwamba utani ule ulikuwa na jambo la maana ndani yake.

Halafu rafiki yake, dereva wa miaka mingi, akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukakataa kuinuka. Kwa dereva, huo si ugonjwa tu, ni mwisho wa kazi. Baba akaenda kupimwa, na presha ikapatikana iko juu. Daktari akamwandikia dawa, akamwambia pia atembee nusu saa kila siku.

"Nitembee niende wapi?" Baba akaniuliza tulipofika nyumbani. "Kwani nimekosa nauli?"

Nilicheka, lakini swali lake lilinikaa. Katika mtaa wetu mtu anayetembea kwa miguu ni yule ambaye mfuko umekauka. Kila asubuhi maelfu ya watu hutoka mitaa ya mabanda wakielekea viwandani kwa miguu, na hakuna anayewaambia kwamba wanafanya mazoezi. Mazoezi, kwa mawazo ya wengi, ni jimu, ni viatu vya bei, ni watu wa mitaa ya miti mingi. Tunajivunia wakimbiaji wetu wa Iten na Eldoret kama vile wanatukimbilia sisi sote, kisha tunapanda bodaboda kwenda kununua maziwa.

Tena wengi wetu hudhani mazoezi ni dawa ya kitambi peke yake. Morris aliligusa hilo pia. Yeye na wenzake walichunguza vipimo vya sare za wafanyakazi wa mabasi, na kweli, suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi. Hata hivyo, makanga wembamba kwa wanene walikuwa na nafuu kuliko madereva wa umbo kama lao. Kinachosaidia ni mwendo wenyewe. Moyo ni msuli. Ukiuzoesha kazi, unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na ukipumzika unapiga polepole. Misuli ya miguu ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Mishipa hulegea, presha ikashuka kidogo. Usingizi nao huja bila kubembelezwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, ule wa kukufanya uheme lakini bado uweze kuongea. Zamani ilisemwa kwamba lazima ufululize angalau dakika 10 ndipo zihesabiwe. Mwongozo wa 2020 uliliondoa sharti hilo: hata dakika mbili ni zako.

Lakini takwimu hazikumtoa Baba kwenye kiti. Lililomtoa ni neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu, kutembea si kusogeza miguu tu. Ni kwenda kwa mtu. Tunaambiana "karibu utembee," na mgeni akija tunasema amekuja kututembelea. Kwa hiyo swali la mzee lilikuwa la haki kabisa, na jibu lake lilikuwa Komarock, kwa shangazi yangu, dada yake mkubwa, mwendo wa kama nusu saa. Walikuwa wakionana kwenye matanga na harusi. Sasa, jioni akishamwachia gari dereva wa zamu, huenda kumwona, wakanywa chai, akarudi.

Stejini nako, gari likiwa kwenye foleni, hashindi tena ndani akisikiliza redio. Anazunguka. Makanga humwuliza, "Mzee, leo unaenda Mombasa kwa miguu?" Wahenga walishasema mtembea bure si mkaa bure.

Sitaki kumdanganya msomaji. Baba bado anameza dawa zake kila asubuhi, na daktari ndiye wa kusema lini zipunguzwe. Njia ya Komarock haina pahali pa mtembea kwa miguu kila mahali. Kuna vibanda, mitaro na bodaboda zinazopita upande wowote zinaotaka. Mvua ikinyesha haendi. Mji huu unajengewa magari, na mtu anayeambiwa atembee kwa ajili ya afya yake anastahili kwanza pahali pa kukanyaga.

Hata hivyo, vipimo vyake vya mwisho vilikuwa vizuri kuliko vya mwanzo, na shangazi anasema hajawahi kumfahamu ndugu yake kama sasa. Juzi nilimsifu mbele ya wageni kwa mazoezi yake. Akanikatiza.

"Mazoezi gani? Mimi huenda kumtembelea dada yangu."