Siku 30 za Mama Mujane



Mwezi huu ninataka kuwaelezea kosa langu mimi mwenyewe. Si kosa la wizi wala la uzinzi. Ni kosa la shauri. Nilimupa mama mumoja mujane shauri lililoonekana kuwa la kiroho, na kwa sababu ya lile shauri akapoteza nyumba. Yeye mwenyewe ameniruhusu niliandike, bila kutaja jina lake.

Mama huyo alikaa Cimpunda, hapa kwetu Kadutu. Bwana wake alichimba zahabu Kamituga karibu miaka 12. Ninyi wa machimbo munajua ginsi inavyokwenda: mutu akipata kidogo hawezi kulala nacho ndani ya kibanda, sherti akitume nyumbani. Yeye alimutumia yaya yake aliyekuwa mujini. Yaya akanunua parsele, akasimamia kazi, nyumba ikasimama: matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati mupya. Lakini karatasi ya kununua ilitoka kwa jina la yaya. Bwana alipouliza, alijibiwa: "Wewe ulikuwa kule, mimi ndiye nilikuwa hapa kwa kutia sahihi. Si tuko tumbo moja?" Wakacheka, maneno yakaisha.

Mwaka 2016 bwana akafa kwa ugonjwa wa kifua. Watu hawajatoka kwenye kilio, shemeki akamwambia mama atafute pa kwenda. Ndoa yao iliandikwa komine, watoto watano walijulikana, kwa upande huo hakukuwa shida. Shida ilikuwa moja tu: parsele ni ya nani? Mama akaenda tribinali. Mashahidi alikuwa nao. Mutu aliyeuza kile kiwanja alikuwa angali hai. Tena kulikuwa mama mumoja mufanyabiashara wa Kamituga, ambaye miaka mingi alibeba ile feza ndani ya kitenge chake mpaka Bukavu. Lakini siku ya kusikilizwa mashahidi hawakufika. Ile barabara ya Kamituga wakati wa mvua munaijua. Jije akahukumu kwa karatasi iliyokuwa mbele yake. Mimi simulaumu, jije hawezi kuona yaliyokuwa ndani ya kitenge.

Hiyo ilikuwa mwaka 2018. Siku ya tano, saa ya jioni, mama akafika kwangu na hukumu ndani ya sashe. Wisie wa tribinali alimuletea asubuhi ile. Akasema: "Pasta, avoka ananiambia tufanye apeli. Anaomba feza. Nifanye nini?"

Ndugu musomaji, mimi nilisoma shule ya Biblia, na 1 Wakorinto 6 niliijua kwa kichwa. Nikaifungua. Nikamuonyesha ginsi Paulo anavyowakaripia waamini wanaoshitakiana mbele ya waamuzi wa dunia. Shemeki wake naye alikuwa mukristo, tena mwimbaji wa kwaya ya wababa katika kanisa jirani. Nikamwambia: "Mama, feza ya avoka ibakie ya watoto. Sisi kanisa tutawapatanisha." Alinyamaza kidogo, akakunja karatasi yake, akasema amina.

Tulikutana mara ya kwanza, shemeki akaomba na machozi. Mara ya pili akaleta sukari kwa watoto. Mara ya tatu akaomba tungojee majuma mawili, shangazi yao atoke Walungu, maana jambo la ukoo haliamuliwi bila yeye. Mimi nilifurahi, nikatoa hata ushuhuda kanisani siku ya Mungu. Mara ya ine hakuja. Alituma kijana kusema ana kazi. Juma lililofuata wisie alifika Cimpunda pamoja na mapolisi, vyombo vya mama vikatolewa inje, na godoro likaanguka ndani ya mufereji. Ilikuwa siku ya 41 tangu alipopokea hukumu.

Tulikimbia kwa avoka. Alitazama tarehe, akaweka karatasi chini. Apeli iliandikwa hivyohivyo, kwa kuwa mama alilia sana. Mahakama ya juu ikaikataa kwa neno moja: imechelewa. Yule muuzaji wa kiwanja alikuwa amesimama inje ya mulango, tayari kusema. Hakuna aliyemwita. Mahakama haikusema ya kwamba mama hana haki. Haikufika huko hata kidogo.

Sasa nieleze sheria, kwa namna nilivyofundishwa kisha kuumia. Katika inchi yetu mutu aliyeshindwa kwa jije wa kwanza anaweza kupeleka neno lake kwa jije wa juu alitazame upya. Hiyo ndiyo rufani, ao kama tunavyosema sisi, apeli. Mambo ya urizi na ya jamaa yanaanzia kwa tribinali ya amani, na kutoka huko apeli inakwenda kwa tribinali kubwa. Yale yaliyoanzia kwa tribinali kubwa yanapanda mpaka Mahakama ya Apeli. Sheria ya mwenendo wa kesi za madai, ya tarehe 7 Machi 1960, inatoa siku 30. Kama ulikuwepo ndani ya kesi, zinahesabiwa tangu hukumu ilipoletwa kwako rasmi. Na sikiliza neno hili ambalo mimi sikulijua: apeli ikifanywa ndani ya siku hizo, kwa kawaida hukumu ya kwanza inasimama, haitimizwi, isipokuwa jije aliamuru itimizwe mara moja. Maana yake, ile godoro isingeanguka mufereji. Na tungeweza kuendelea kupatanisha watu huku mama akilala ndani ya nyumba yake. Kupatana na kufanya apeli havipigani. Ni mimi niliyevipiganisha.

Kama ile parsele ingeonekana kuwa ya marehemu, Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, ile iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, iko wazi. Watoto ndio warizi wa kwanza, nao wanapata sehemu tatu kwa ine za mali. Robo inayobakia ni ya kundi la pili: mujane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Shemeki angepata kitu, si kwamba angekosa yote! Na mujane ana haki ya kukaa ndani ya nyumba waliyokaa na bwana wake.

Nyuma ya mambo hayo sikulala vizuri miezi mingi. Nilirudi kwa Paulo, nikaona aibu. Yule aliyeandika 1 Wakorinto 6 ndiye katika Matendo 25, mbele ya Festo, alipoona wanataka kumurudisha Yerusalema, akaomba hukumu ya Kaisari. Alifanya apeli! Nilikuwa nimeihubiri sura hiyo mara ngapi? Tena nikasoma upya 1 Wakorinto 6 yenyewe, nikaona ya kuwa Paulo anamukemea vilevile anayemunyang'anya ndugu yake. Mimi ile nusu sikumusomea shemeki. Nilimusomea mujane peke yake.

Wakati ule muchungaji mumoja wa Kagera, kule Tanzania ng'ambo ya Rwanda, alinielezea kesi ya kwao. Nikaitafuta, ni ya kweli. Mama mumoja Muhaya, Holaria Pastory, alirizi shamba la ukoo kwa baba yake, kwa wosia. Alipozeeka, asipokuwa na mutu wa kumutunza, akaliuza mwezi wa Agosti 1988 kwa Gervaz Kaizilege, mutu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Mutu wa ukoo wake, Bernardo Ephrahim, akamushitaki kwenye Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilaya ya Muleba. Alisema kwa desturi ya Wahaya mwanamuke hawezi kuuza shamba la ukoo. Na kweli desturi iliyoandikwa ilisema hivyo. Mahakama ikavunja mauzo, ikaamuru feza zirudishwe.

Mzee huyo angeweza kwenda kulia nyumbani. Akapeleka apeli kwa Mahakama ya Wilaya, ikamupa haki. Ephrahim naye akapanda kwa Mahakama Kuu ya Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 jije James Mwalusanya akaamua ya kuwa katiba ya Tanzania inakataza ubaguzi, na kwamba mwanamuke anauza shamba kwa masharti yale yale ya mwanaume. Mauzo yakasimama. Lakini, na hapa ninamupenda huyu jije, hakuutupa ukoo inje: Ephrahim alipewa miezi 6 alikomboe shamba akitaka, arudishe zile 300,000 kwa aliyenunua, sawasawa kama muuzaji angekuwa mwanaume. Ukisoma Hesabu 27, kisha Hesabu 36, utawaona binti watano wa Selofehadi wakipewa urizi, halafu wazee wa kabila lao wakarudi kwa Musa na neno lao, nalo likasikilizwa. Mimi nilizani ni habari ya zamani tu.

Huyo mama alishindwa mahali pa kwanza, kumbukeni. Kama angekuwa mushirika wangu, labda ningemupatanisha mpaka siku zipite.

Sisemi ya kwamba apeli inamupa mujane ushindi kila mara. Inchini Kenya, avoka S. M. Otieno alikufa tarehe 20 Desemba 1986. Bibi yake Wambui, Mukikuyu, alitaka kumuzika karibu na Nairobi. Ukoo wa bwana, Wajaluo wa Umira Kager, ulitaka kwao Siaya. Kesi ikapanda na kushuka mpaka Mahakama ya Rufani, ambayo Mei 1987 ilikubaliana na ukoo. Akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, nyuma ya miezi mitano. Miezi mitano maiti inangojea! Mimi niliyezika wengi, ninaogopa hata kufikiri. Lakini Wambui alisikilizwa mpaka juu. Mama wangu wa Cimpunda hakusikilizwa.

Wewe kijana uliye Misisi, Lugushwa ao Shabunda, unayetuma feza, acha nikwambie kama baba: karatasi iandikwe jina lako. Kama huwezi kufika, umupe ndugu yako barua ya uwakilishi, iandikwe ananunua kwa ajili yako. Ndugu mwema hatakasirika. Na wewe bibi unayebaki, ujue karatasi inalala wapi.

Mambo hayo yalitokea mbele ya Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu na kazi ya tribinali za serikali mujini ikavurugika. Lakini ile sheria ya siku 30 si ya Bukavu tu, ni ya inchi nzima, na gazeti hili linasomwa mbali.

Mama yule anapanga chumba kimoja Nyamugo, anauza fretini na mafuta ya mawese kwenye soko ya Kadutu. Nilimuomba musamaha mbele ya wazee wa kanisa. Alisema amenisamehe, na ninaamini, ingawa mwaka muzima hakuniletea shauri hata moja. Kanisa lililipa shule ya watoto wawili. Nyumba haikurudi.

Kisha mwaka 2023, siku ya posho, nikamuona anapanda ngazi ya kwangu, anamushika mukono mwanamuke mwingine, kijana, na mutoto mugongoni. Hakukaa. Hakuniamkia hata vizuri.

"Pasta, huyu bwana yake alikufa Kamituga. Ameshindwa. Iko na karatasi."

Nikanyosha mukono kwa kuipokea. Yeye akaishika kwanza, akaweka kidole pale palipoandikwa tarehe.

"Nimekwisha kuhesabu," akasema. "Zinabaki 11."

Biblia ilikuwa juu ya meza. Tuliomba tumesimama, maombi mafupi, nikavaa viatu, tukatelemuka wote watatu mpaka kwa avoka.